Taa, waya, fremu, saa: historia iliyomo ndani ya laini moja ya simu

Najua nimepotea. Karibu mwezi mzima sijaandika kitu hapa, na nasikia kule kwenye vimbweta wengine mmeshaanza kusema nimeolewa. Sijaolewa. Nilikuwa na prezentesheni ya kozi ya mbinu za kufundisha Historia, na ilinikalia kooni kwelikweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mmoja achague kitu kimoja kinachoshikika mkononi, aeleze historia yake kwa dakika 20, na aonyeshe angekifundishaje kidato cha tatu. Wenzangu walichagua vitu vya maana: jembe, kanga, sarafu ya Mjerumani, mtumbwi. Mimi nikachagua laini ya simu ya dijitali. Semina nzima ikacheka. Jamaa mmoja (anajijua, na anasoma hapa) akanyoosha mkono akasema, "Dada, hiyo si historia, hiyo ni ufundi."

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, ila ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Ilianzia likizo. Nilikuwa Morogoro kwa baba mdogo. Baba mdogo alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka walipopunguzwa kazini. Asubuhi moja natoka kuoga nakuta mama mdogo anampa jirani, mama muuza maandazi, rundo la madaftari ya zamani akafungie biashara yake. Nikachungulia. Mwandiko wa baba mdogo, kurasa na kurasa za michoro, namba, tarehe za hitilafu, hitilafu ilikuwa nini na ilitatuliwaje. Nikayakimbilia. Yalikuwa tisa, nikaokoa manne. Mengine matano watu wa mtaa ule wameshayatupa yakiwa na mafuta.

Ndani ya daftari moja, ukurasa wa kwanza, aliandika kwa kalamu nyekundu: "Taa, waya, fremu, saa. Halafu ndiyo uongee." Sikuelewa hata neno moja. Nilipomuuliza akacheka tu: "Mwanangu, hayo mambo yamekwisha."

Nikarudi chuoni na madaftari yangu. Kumbe kwenye stoo ya maabara ya kompyuta kulikuwa na ruta mbili za Cisco za zamani, zina kadi za laini ya dijitali ya aina ya E1, zinasubiri kuuzwa kama vyuma chakavu. Mimi na rafiki zangu wawili wa kompyuta tukaomba kuzitumia wiki moja kabla hazijaondoka. Lengo letu: ruta ya kwanza iipigie simu ya pili kwa laini ya dijitali, zipeane data. Basi. Tuliona ni kazi ya saa mbili. Ilichukua siku nne! Na katika zile siku nne ndipo nilipoelewa kwamba kila kitu ulichotakiwa kukipanga kwenye mashine ile kilikuwa na historia yake, na watu waliogombana juu yake.

Kwanza tuelewane laini ya dijitali ni nini

Simu ya zamani ilikuwa inapeleka sauti kama ilivyo. Ukisema, hewa inatikisika, umeme kwenye waya unatikisika vilevile, huko mwisho spika inatikisika. Tatizo ni umbali. Umeme unachoka njiani, inabidi uuongezee nguvu. Na ukiongeza nguvu unaongeza na kelele zilizoingia njiani. Ni kama desa linalotolewa kopi ya kopi ya kopi. La kwanza linasomeka, la tano ni ukungu, la kumi unakisia.

Sasa fikiria badala ya kutoa kopi, kila anayelipokea desa analisoma na kuliandika upya kwa mwandiko safi. Madamu herufi bado zinatambulika, nakala ya mia itakuwa sawa na ya kwanza. Hiyo ndiyo dijitali. Sauti inageuzwa namba, namba zinapelekwa kama biti, sifuri na moja, na kila baada ya kipande cha njia kuna kifaa kinachozisoma na kuziandika upya. Kelele inaachwa nyuma.

Wazo hili alilipata Mwingereza, Alec Reeves, mwaka 1937, akiwa anafanya kazi Paris kwenye maabara ya kampuni ya ITT. Hati ya umiliki aliipata Ufaransa mwaka 1938. Wazo lilikuwa sahihi kabisa na halikuwa na faida yoyote! Enzi zile vifaa vya elektroniki vilikuwa valvu, zile taa za vioo, kubwa, ghali, zinaungua. Kugeuza sauti ya mtu mmoja kuwa namba kungehitaji kabati zima la valvu. Nani atalipia? Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia Paris, Reeves akakimbilia kwao Uingereza, na wakati wa vita akatengeneza mfumo wa kuongoza ndege za mabomu ulioitwa Oboe.

Aliyeweza kulipia alikuwa jeshi. Mwaka 1943 Wamarekani walianza kutumia mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY kuunganisha Washington na London. Sauti iligeuzwa namba, ikachanganywa na kelele zilizorekodiwa kwenye santuri, na santuri pacha ilikuwa upande wa pili ili kuzitoa. Mtambo mmoja ulikuwa na uzito wa tani 50 na ushee, na ule wa London ulifungwa chini ya duka kubwa la Selfridges. Tani 50 ili wakubwa wawili waongee bila kusikilizwa.

Kilichobadilisha mambo ni transista, iliyovumbuliwa Bell Labs Desemba 1947. Ikachukua nafasi ya valvu, na wazo la Reeves likaanza kuwa na bei ya kawaida. Wingereza walimwekea stempu ya posta ya uvumbuzi ule mwaka 1969. Alifariki 1971. Kwa hiyo aliishi kuona, lakini alisubiri.

Waya

Turudi maabara. Tumewasha ruta zote mbili, tumechomeka waya katikati, taa ya tahadhari inawaka. Nikafungua daftari. Taa, waya. Yaani anza na taa inakwambia nini, kisha angalia waya.

Tulikuwa tumetumia ule waya wa mtandao wa kawaida uliokingamishwa, wa kuunganisha kompyuta mbili. Kichwa ni kilekile, kinaingia kwenye tundu bila shida. Lakini ndani mpangilio ni mwingine. Waya wa kompyuta unakingamisha nyaya namba 1 na 2 kwenda 3 na 6. Laini ya E1 inapokelea kwenye 1 na 2 na inatumia 4 na 5 kupeleka. Kwa hiyo inabidi 1 na 2 ziende 4 na 5. Tukakata kichwa, tukabana upya. Ruta zikaanza kusikiana.

Jozi mbili za shaba tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hilo lenyewe ndilo lililoanzisha biashara nzima. Miaka ya 1950 miji mikubwa ya Marekani ilikuwa imejaa nyaya chini ya barabara. Kila maongezi kati ya mtambo mmoja wa simu na mwingine yalihitaji jozi yake, na mabomba ya chini yalikuwa hayana nafasi tena. Kuchimba barabara za katikati ya jiji ni gharama ya kutisha. Mwaka 1962 kampuni ya Bell ikafunga huko Chicago mfumo ulioitwa T1: jozi mbili zilezile za shaba, lakini sasa zinabeba watu 24 kwa wakati mmoja.

Na sikilizeni hii, kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. T1 ina kasi ya biti 1,544,000 kwa sekunde. Mbona namba ya ajabu vile? Sehemu ya jibu ni mashimo ya barabarani. Nyaya za zamani zilikuwa na koili za kusaidia sauti zilizofungwa kwenye mashimo ya mafundi kila futi 6,000, kama kilomita 1.8. Wahandisi walitaka kutoa koili na kuweka vile vifaa vya kuandika upya kwenye mashimo hayohayo, wasichimbe mengine. Kwa hiyo kasi ilibidi iwe ile ambayo shaba ya kawaida inaweza kuistahimili kwa futi 6,000. Mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya simu za babu zao yakaamua kasi ya data ya wajukuu.

Fremu

Waya tumetengeneza, lakini taa haijatulia. Daftari: fremu.

Hapa inabidi hesabu kidogo, msikimbie. Sauti ya simu inakatwa isizidi mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Harry Nyquist wa Bell alishaonyesha mwaka 1928 uhusiano wa mitikisiko na idadi ya alama unazoweza kupitisha, na kanuni iliyozaliwa humo inasema upime mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa. Mara mbili ya 4,000 ni vipimo 8,000 kwa sekunde. Kila kipimo kiandike kwa biti 8. Zidisha, unapata biti 64,000 kwa sekunde kwa mtu mmoja anayeongea.

Wazungu wa Ulaya walipokuja kutengeneza wao, hawakuchukua 24. Walichukua nafasi 32. Nafasi 32 mara biti 8 ni biti 256. Hizo 256 ndizo fremu moja, na fremu zinapita 8,000 kila sekunde. Jumla 2,048,000. Hiyo ndiyo E1. Ni kama daladala lenye viti 32 vyenye namba, linalopita kituoni mara 8,000 kila sekunde, na kila abiria ana kiti chake kilekile kila safari. Hakuna kugombania.

Lakini abiria wa maongezi ni 30 tu. Kiti namba 0 ni cha kondakta: kinabeba alama ya kujulisha "fremu inaanzia hapa", vinginevyo ruta inaona mto wa sifuri na moja usio na mwanzo. Kiti namba 16 nitakuja kukieleza.

Baadaye data za kompyuta zilipoanza kupita humo, ikaonekana data inaweza kwa bahati mbaya kufanana na alama ya kondakta, mara kwa mara, na mashine ikadanganyika. Ikaongezwa hesabu ndogo ya kuhakiki, inaitwa CRC4. Sasa ruta yetu moja ilikuwa na mpangilio wa zamani uliozima CRC4, nyingine imewashwa. Moja inatafuta kitu ambacho mwenzake hakitumi. Tukazilinganisha. Taa ya tahadhari ikazima. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Kuna na mpangilio mwingine hapohapo, unaitwa HDB3. Moja inaandikwa kama mpigo wa umeme, sifuri ni kimya. Zikija sifuri nyingi mfululizo, vile vifaa vya njiani vinapoteza hesabu, maana mipigo ndiyo inayovionyesha mwendo. HDB3 inasema: zikifika sifuri nne mfululizo, weka mpigo wa makusudi unaovunja sheria, mwenzako atajua. Wamarekani mwanzoni hawakuwa na ujanja huo, na pia waliazima biti moja kwa ajili ya kuongozea simu, ndiyo maana kwao laini nyingi za data zilikuwa za 56,000 na siyo 64,000. Hata uandishi wa vile vipimo vya sauti ni tofauti: Marekani na Japani wana kanuni yao, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia wana nyingine. Makubaliano ya kimataifa yanasema simu ikivuka kati ya kanuni hizo mbili, kazi ya kutafsiri ni ya upande wa Marekani na Japani. Sisi huku tulirithi mfumo wa Ulaya, na mnajua kwa nini. Hakuna aliyetuuliza tunapenda viti 24 au 32.

Saa

Taa imezima, tunashangilia, kumbe makosa yanaongezeka taratibu. Kila tukiangalia hesabu imepanda. Rafiki yangu akasema kadi mbovu, tukate tamaa. Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, nikadhani salio limekata. Kisha akauliza swali moja tu: "Nani kati yao anatoa saa?"

Nikasema zote mbili. Akacheka kile kicheko chake. "Hapo una wanaume wawili na kila mmoja ana saa yake ya mkononi. Watakubaliana wakutane saa nne, lakini baada ya mwezi mmoja anafika mapema. Mwambie mmoja avue saa."

Saa mbili hazilingani kamwe sawasawa. Moja ikiwa na haraka kidogo, fremu zinajaa upande mmoja, na mara kwa mara inabidi fremu nzima itupwe. Kwenye maongezi ni mlio mdogo tu, "tik", na maneno yanaendelea. Kwenye data ni uharibifu. Ndiyo maana nchi ikishaweka mitambo ya dijitali inahitaji saa moja kuu, na mitambo yote chini yake inafuata. Tukaiambia ruta ya pili iache saa yake, ifuate ile inayokuja na laini. Makosa yakasimama palepale.

Baba mdogo akaniambia jambo ambalo sikuliandika kwenye prezentesheni. Walipoanza kubadilisha mitambo kuwa ya dijitali, mafundi wa zamani walijua kusikiliza hitilafu kwa sikio. Unaweka kisikizio, unasikia mlio, unajua ni unyevu, ni waya umegusana, ni nguzo ya wapi. Dijitali ikaua sikio. Laini ilikuwa ama safi ama imekufa, na ugonjwa unauona kwenye namba. Ndipo akaanza kuandika madaftari. Alikuwa anajifundisha upya akiwa na miaka arobaini na kitu, peke yake, usiku, kwa Kiingereza cha vitabu vya mitambo. Yaani madaftari niliyoyakuta yakielekea kufungia maandazi ndiyo yalikuwa shule yake.

Kiti namba 16

Siku ya nne. Taa safi, fremu safi, saa moja. Lakini ruta haziongei! Tunaagiza piga simu, kimya.

Kiti namba 16 ndicho kinachobeba maneno ya kuongozea simu: nani anapigiwa, amepokea, amekata. Zamani maneno hayo yalipita kwenye njia ileile ya sauti, kama milio. Marekani mlio wa mitikisiko 2,600 ulimaanisha laini iko huru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wakagundua kwamba filimbi ya plastiki iliyokuwa zawadi ndani ya boksi la Cap'n Crunch, ile nafaka ya kifungua kinywa, inatoa mlio huohuo. Unapuliza kwenye simu, mtambo unadhani laini iko huru, wewe unapiga bure hadi ng'ambo. John Draper alipata umaarufu na jina la utani kwa hilo. (Msijaribu, mitambo ya siku hizi haisikilizi filimbi.) Filimbi zilionyesha wazi ubaya wa amri kupita njia moja na sauti ya mteja. Kuzitenganisha kukawa ndiyo utaratibu.

Hapo ndipo ilipozaliwa ISDN, mtandao wa dijitali wa huduma zote kwa pamoja. Mitambo ilikuwa imeshakuwa ya dijitali, njia kati ya mitambo ni za dijitali, kilichobaki ni kipande cha mwisho cha kwenda nyumbani kwa mteja. Kamati ya kimataifa ya simu, CCITT, ikatoa viwango mwaka 1984 na kuvikamilisha zaidi 1988. Laini ndogo ya nyumbani ina njia mbili za 64,000 na moja ndogo ya 16,000 ya amri. Laini kubwa ya ofisi Ulaya ni E1 yetu: njia 30 na moja ya amri. Japani ilianza kuuza huduma hiyo 1988, Ujerumani 1989, na Wajerumani waliipenda kuliko karibu wote. Marekani iliburuta miguu, kila mtengeneza mitambo ana lahaja yake, mpaka watu wakatania kwamba zile herufi nne maana yake ni "bado haifanyi kitu".

Na kiwango hiki kiliandikwa na mashirika ya simu. Kinaonekana humo. Laini ina ncha mbili zisizo sawa: upande mmoja ni mtandao, upande wa pili ni mtumiaji. Mtandao ndio unaotawala, mtumiaji anajibu. Ruta zetu zote mbili zilikuwa zimezaliwa watumiaji! Kila moja inasubiri shirika la simu lianze, na shirika halipo, tuko watatu tu na mlinzi. Tukatafuta tukakuta amri ya kuifanya ruta moja ijifanye mtandao. Tukaiandika. Tukasubiri. Tukaagiza piga simu.

Ikaita. Ikapokelewa. Data zikaanza kupita kwenye njia moja ya 64,000. Tukatuma wimbo wa megabaiti 4 na tukakaa pale zaidi ya dakika nane tukiuangalia ukiingia kama maji ya bomba la hosteli. Sijawahi kufurahia wimbo hivyo, na wala siupendi.

Sasa imekwisha?

Karibu. ISDN ilichelewa. Ilipokuwa inaenea, miaka ya 1990, intaneti ilikuwa inataka kasi kubwa zaidi, na DSL ikaja kupita kwenye shaba hiyohiyo ikiwa haraka mara nyingi. Kisha sauti yenyewe ikaanza kusafiri kama pakiti za intaneti. Ujerumani ilihamisha wateja wake. Uingereza iliacha kuuza laini mpya za ISDN mwaka 2023. Japani ilianza kuzima huduma yake ya data mwaka 2024.

Lakini kwetu hadithi ina kona yake. Vijiji vyetu vingi havikupata waya wa shaba kabisa. Vilipata mnara. Na minara ile ya mwanzo ya GSM ilikuwa inaunganishwa na mitambo yake kwa nini? Kwa E1. Viti 32, fremu 8,000, saa moja, wakati mwingine ikirushwa hewani kwa dishi kutoka kilima hadi kilima. Kwa hiyo bibi yako kijijini aliyepiga simu kwa mara ya kwanza kwa mkono wake, sauti yake ilipita kwenye namba zilizopangwa na wazungu waliokuwa wanabana matumizi ya kuchimba barabara. Na kuna fundi aliyepanda kilima kile na kuuliza nani anatoa saa.

Ndiyo jibu langu kwa yule jamaa wa semina. Jembe ulilolichagua ndugu yangu ni historia kwa sababu limebeba maamuzi ya watu: nani alifua chuma, nani alilima, nani alitozwa kodi. Laini hii nayo imebeba maamuzi ya watu. Tofauti ni kwamba jembe linaonekana, na hii ikizimwa hakuna mtu atakayeona kitu kimeondoka. Bora tuiandike wakati waliofunga bado wanapokea simu usiku.

Prezentesheni niliifanya wiki iliyopita. Dakika 20 zilikwisha nikiwa bado kwenye saa, kiti namba 16 sikukifikia, mwalimu akanikata. Alama bado. Ruta zimeshaondoka na gari la vyuma chakavu, tulizipiga picha tu.

Jumapili nilimpigia baba mdogo kumwambia simu yetu iliita. Hakusema kitu kirefu, akasema "Afadhali." Halafu nikasikia akimuuliza mama mdogo kwa sauti kule nyuma kama yule muuza maandazi bado anayo yale mengine. Mama mdogo akasema yamekwisha zamani. Akarudi kwenye simu akaniambia hayo manne niliyonayo niyafunge kwenye nailoni, mvua za Machi zinakuja.

Nimeyafunga.

Haya wapendwa, niishie hapo, kesho nina testi na sijagusa hata desa moja. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, posta, simu, bandari, kiwanda chochote, mtembelee ukaulize madaftari yako wapi. Usisubiri likizo.

Tuonane kwenye kimbweta.